Ngiri, Mshipa na Busha: Tuyatenge Majina ya Maradhi

Wafasiri na walimu wengi hututaka tuwapatie maneno ya vitu vipya: mitambo, kemikali, taratibu za benki. Hiyo ni haki yao. Hata hivyo, katika kazi ya istilahi taabu kubwa zaidi aghalabu hutokana na maneno ya zamani, yaliyokwisha kukaa vinywani mwa watu kwa vizazi vingi, ambayo kila mtu huyatumia kwa maana aijuayo yeye. Makala haya yanakusudia kulieleza fungu moja la maneno ya namna hiyo, nayo ni ngiri, mshipa na busha. Tutaeleza kwanza maradhi yenyewe, kisha upasuaji wake na siku za kupona, na kila tufikapo mahali penye utata wa lugha tutasimama kidogo na kutoa pendekezo.

Sababu ya kulichagua fungu hili ni tukio lililotokea katika ukoo wangu. Mjomba wangu, mkulima wa makamo, alikuwa na uvimbe kinenani. Ulikuwa ukitokeza anapoinua gunia na kutoweka anapolala. Baada ya kuuvumilia mwaka mzima alikwenda zahanati, akapokewa na mganga kijana.

"Shikamoo, mzee. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mshipa tu."

Mjomba aliona haya kuvua nguo mbele ya mtu wa umri wa watoto wake, na yule kijana naye akaona haya kumtaka avue. Akamwandikia vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua misuli. Mjomba akachua kwa misimu miwili. Usiku mmoja uvimbe ukawa mgumu kama jiwe, akatapika hadi alfajiri, na alipofikishwa hospitali sehemu ya utumbo ilikwisha kufa, ikabidi ikatwe. Alipona, lakini msimu ule hakulima. Katika habari hii hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Neno lilikuwa moja na maradhi yalikuwa mawili.

1. Dhana ya ngiri

Tumbo la mwanadamu limezungukwa na ukuta wa misuli na nyuzi ngumu. Ndani ya ukuta huo mna utando mwembamba, na ndani ya utando mna matumbo, shahamu na viungo vinginevyo. Ukuta huu haukuumbwa wenye nguvu sawa mahali pote. Pana sehemu ambazo mishipa na mirija hupita, kama vile kinenani na mwanzoni mwa paja. Pana kitovu, ambacho kilikuwa mlango wa mtoto tumboni mwa mamaye. Na pana makovu ya upasuaji wa zamani. Ikiwa mahali pamojawapo pamelegea, shinikizo la ndani huusukuma utando utokeze kama kifuko, na kifuko hicho hubeba kipande cha shahamu au cha utumbo. Hiyo ndiyo ngiri.

Shinikizo hilo huongezwa na mambo mengi: kuinua mizigo, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu au shida ya mkojo, ujauzito, na unene. Lakini mara nyingi mzigo huwa ni sababu ya mwisho tu. Udhaifu wa ukuta ulikuwapo kabla. Wengine huzaliwa na njia iliyokuwa wazi tangu korodani ziliposhuka kutoka tumboni, njia ambayo kwa kawaida hujifunga yenyewe.

Hapa pana fundisho la kwanza kwa mfasiri. Baadhi ya lugha za Ulaya huuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kupasuka au kuvunjika, kwa kuwa waganga wa kale walidhani kwamba utando wa tumbo umechanika. Sivyo ilivyo. Utando hunyooka na kutokeza, wala hauchaniki. Mfasiri anayeandika kwamba mgonjwa "amepasuka tumbo" amefasiri kosa la karne nyingi zilizopita, na amemtia mgonjwa hofu isiyo na msingi.

Fundisho la pili linahusu fasili. Si vema kuieleza ngiri kuwa ni "uvimbe wa kinena" tu. Fasili hiyo huiacha nje ngiri ya kitovu, na huiacha nje kabisa ngiri ya kiwambo, ambayo sehemu ya tumbo la chakula hupanda kifuani kupitia tundu la kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mgonjwa wa aina hii haoni uvimbe wowote. Yeye husumbuliwa zaidi na kiungulia. Kwa hiyo tunapendekeza fasili hii: ngiri ni kutokeza kwa kiungo, au sehemu ya kiungo, kupitia mahali palipolegea au penye tundu katika ukuta unaokizunguka.

2. Aina za ngiri

Kwa aina zake utaratibu ulio bora ni kulishika neno moja la msingi na kulibainisha kwa mahali. Tuna:

Ngiri ya kinena. Hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na huwapata wanaume zaidi. Makadirio yanayotumiwa sana na matabibu, yaliyotokana na takwimu za Uingereza, ni kwamba katika maisha yao kiasi cha asilimia 27 ya wanaume na asilimia 3 ya wanawake hufanyiwa upasuaji wa ngiri za eneo hili. Kwa mwanamume ngiri yaweza kushuka hadi katika mfuko wa korodani.

Ngiri ya paja. Hutokeza chini kidogo ya mstari wa kinena. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na tundu lake ni jembamba, kwa hiyo ni hatari zaidi ya ile ya kwanza.

Ngiri ya kitovu. Huonekana sana kwa watoto wachanga, na aghalabu hujifunga yenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Desturi ya kufunga sarafu kitovuni haiharakishi jambo hilo, nayo yaweza kuchubua ngozi. Kwa mtu mzima ngiri hii haijifungi. Wala mzazi asiifananishe na ngiri ya kinena ya mtoto, ambayo haingojwi bali hupasuliwa mapema.

Ngiri ya kovu. Hutokea mahali palipowahi kupasuliwa na kushonwa.

Ngiri ya kiwambo. Tumekwisha kuieleza.

Pana wanaouliza kwa nini tusitumie henia, neno lililokwisha kuenea hospitalini. Hatuna ugomvi nalo. Mwenye kulisema hueleweka. Lakini utaratibu wetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha jirani za Kibantu, ndipo twende kwa wageni. Ngiri limo ndani, linajulikana toka pwani hadi bara, na limekubali kubebeshwa aina zake zote bila shida. Wapo wanaosema kwamba linachanganya kwa kuwa ni jina la mnyama pia. Sarufi imekwisha kulitatua jambo hilo: mnyama husemwa "ngiri huyu amekimbia", na maradhi husemwa "ngiri hii imetokeza". Mwalimu aweza kulitumia darasani kama mfano mzuri wa upatanisho wa kisarufi unaotenga maana.

3. Majina yanayochanganywa

Mshipa. Neno hili lina kazi nyingi mno. Hutaja njia ya damu, hutaja neva, na katika usemi wa kila siku hutaja hata kano za misuli. Juu ya hayo yote, wazee hulitumia kama tafsida ya ngiri na ya busha, kwa sababu ya haya ya kuutaja mwili wa chini. Tafsida ni adabu, nasi hatumwombi mzee aiache. Tunamwomba anayemsikiliza, awe mganga, karani au mwalimu, asiliandike neno hilo kama lilivyo. Aulize: "Mshipa wa wapi, mzee? Unatokeza unapokohoa? Unarudi ndani unapolala?" Maswali haya hayavunji heshima ya mtu, nayo yangemwokoa mjomba. Katika maandishi rasmi tunapendekeza mshipa ubaki kwa njia za damu, na neva ziitwe neva.

Busha. Haya ni maradhi mengine kabisa. Katika busha hakuna utumbo ulioshuka. Kilichopo ni maji yaliyojikusanya katika utando unaoizunguka korodani. Katika pwani yetu busha la watu wazima mara nyingi huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile iletayo matende, na ndiyo sababu watu huyataja maradhi hayo kwa pamoja. Tabibu hutofautisha kwa alama kadhaa: busha kwa kawaida halitikisiki mgonjwa akohoapo, halirudi tumboni, na likimulikwa kwa tochi gizani mara nyingi hupenyeza mwanga. Ngiri kwa kawaida husukumwa na kikohozi, na vidole haviwezi kuishika juu yake, kwa kuwa imetoka tumboni. Hata hivyo uamuzi ni wa tabibu, maana mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Tofauti hii ina matokeo nje ya kamusi. Wananchi wamehimizwa kumeza dawa za kukinga matende na mabusha. Ikiwa kijitabu cha afya kimeita ngiri busha, msomaji atadhani kwamba dawa zile zitaiponya ngiri yake, naye atangoja. Hakuna kidonge wala mzizi uwezao kuziba tundu la ukuta wa tumbo.

Yapo matangazo yanayotumia jina la ngiri kwa maumivu ya kiuno, kwa chango na kwa upungufu wa nguvu za kiume, yakaahidi kuyatibu yote kwa chupa moja. Mwenye ngiri ya kweli huisoma ahadi hiyo akaona ni yake. Ndiyo maana ni wajibu wetu kulinda mpaka wa neno.

4. Hali za ngiri

Baada ya jina na mahali, tabibu hutaka kujua hali. Hizi ni tatu, na hapa ndipo maneno yanapoweza kuua.

Hali ya kwanza ni ile ambayo kilichotokeza chaweza kurudishwa ndani. Wengi huandika "ngiri inayorudi". Tazama utata wake. Mjomba alipopasuliwa akarudi kliniki baada ya majuma mawili, muuguzi alimwuliza, "Mzee, ngiri imerudi?" Akajibu kwa furaha, "Ndiyo, binti yangu, imerudi, namshukuru Mungu." Muuguzi akashtuka na kumpeleka tena kwa daktari wa upasuaji, maana yeye aliuliza kama ngiri imeanza upya, na mjomba alijibu kwamba imerudi ilikotoka, yaani ndani. Walicheka baadaye, lakini jibu kama hilo laweza kuandikwa katika faili na kuhesabiwa kuwa ni upasuaji ulioshindwa. Tunapendekeza basi ngiri ya hali ya kwanza iitwe ngiri inayorudishika, na ile inayotokea tena baada ya kuzibwa iitwe ngiri iliyojirudia. Kitenzi "imerudi" kikiwa peke yake kiepukwe.

Hali ya pili ni ile ambayo kilichotokeza kimekwama, hakirudi ndani, ingawa damu bado inapita. Kwa hali hii Kiingereza hutumia neno linalotumiwa pia kwa mtu aliyetiwa gerezani, na nimewahi kuona tafsiri iliyoandika "ngiri iliyofungwa". Msomaji ataelewa kuwa ngiri imefungwa kwa mshono, yaani imekwisha kutibiwa! Tunapendekeza ngiri iliyonasa, kama mguu unavyonasa katika mtego.

Hali ya tatu ni ile ambayo mdomo wa ngiri umeubana utumbo hadi damu haipiti. Tafsiri iliyozoeleka ni "ngiri iliyonyongwa". Kwa maana yake si kosa, lakini neno hilo masikioni mwa watu ni la hukumu ya kifo, na jamaa za mgonjwa huweza kudhani hakuna tena la kufanya, hali bado kuna saa chache za kuokoa. Tunapendekeza ngiri iliyokabwa. Na katika karatasi anayopewa mgonjwa tusitegemee istilahi hata kidogo. Tuandike waziwazi kwamba utumbo umekosa damu na kwamba asipopasuliwa upesi utakufa.

Alama za hali hii sharti ziandikwe kwa ukamilifu katika kila kijitabu: uvimbe uliokuwa laini umekuwa mgumu na unauma sana ghafla, hauingii ndani kama ulivyozoea, mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, hapati choo wala hatoi upepo, ngozi juu ya uvimbe imebadilika rangi. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali yenye upasuaji saa ile ile, usiku au mchana. Asichuliwe, wala uvimbe usisukumwe kwa nguvu nyumbani.

5. Upasuaji

Je, kila ngiri ipasuliwe? Uchunguzi uliofanywa Amerika ya Kaskazini na kutangazwa mwaka 2006 uliwafuata wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Ulionyesha kuwa hatari ya ngiri kunasa au kukabwa ghafla kwa wale waliongoja ilikuwa chini ya watu 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo daktari aweza kumshauri mwanamume kama huyo kungoja kwa uangalizi. Mfasiri asiliandike jambo hili kuwa ni "kupuuza", wala asiliache bila masharti yake: halihusu ngiri ya paja, halihusu ngiri iuumayo, na mtu aishiye mbali na hospitali ana hesabu nyingine ya kufanya.

Historia ya upasuaji huu kwa njia za kisasa huanzia Italia. Mwaka 1884 Edoardo Bassini alianza huko Padua kuushona upya ukuta wa nyuma wa mfereji wa kinena kwa kuzivuta tabaka za misuli na kuziunganisha kwa nyuzi. Kwa miaka mingi njia hiyo na nyingine zilizotokana nayo ndizo zilizotumika. Kasoro yake ni kwamba nyama zilizovutwa hukaa katika hali ya kukazwa, nazo huuma na mara nyingine huachia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Francis Usher wa Marekani alianza kutumia wavu wa plastiki, na katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaeneza njia ya kuweka wavu kama kiraka juu ya mahali palipolegea bila kukaza chochote. Mwili huotesha nyama katika matundu ya wavu, ukuta ukawa imara. Siku hizi ipo pia njia ya matundu madogo, ambayo daktari huingiza kamera na vyombo vyembamba badala ya kupasua mstari mmoja mrefu.

Kwa Afrika Mashariki kizuizi kimojawapo kilikuwa bei ya wavu. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302. Nusu walitiwa wavu wa kiwandani ambao bei yake ilizidi dola 100, na nusu walitiwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa hospitalini, ambacho gharama yake ilikuwa kama dola 1. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Habari hii inafurahisha, lakini mfasiri ajihadhari. Aandike wavu wa upasuaji, na akilazimika kutaja chandarua aongeze kuwa ni kitambaa cha aina maalumu kilichokatwa na kutakaswa kwa joto. Mtu asije akadhani kwamba chandarua cha kitandani kimeshonwa tumboni mwake.

Hapa kuna vitenzi viwili vya kuepuka. Cha kwanza ni kutengeneza. Nimeletewa fomu ya idhini iliyosema, "Nakubali kutengenezwa ngiri." Kwa Kiswahili chetu mtu atengenezaye kiti yamkini anakikarabati, na yamkini anakiunda, fomu ile ilimtaka mgonjwa akubali kuundiwa ngiri mpya. Cha pili ni kukata. Watu husema "kukatwa ngiri", na wanaume wengi huogopa kwamba kitakatwa kitu cha uanaume wao. Kwa hakika katika upasuaji wa kawaida wa mtu mzima korodani haiguswi kwa kisu. Kilichotokeza hurudishwa ndani, kifuko hurudishwa au hufungwa, na tundu huzibwa. Tunapendekeza upasuaji wa kuziba ngiri, na katika fomu: "Nakubali kupasuliwa ili ngiri yangu izibwe." Maneno hayo yanaeleza kazi yenyewe na kuondoa hofu kwa pamoja.

Kuhusu dawa za kuzuia maumivu, tutenge mambo matatu: ganzi ya mahali, ambayo hutiwa pale panapopasuliwa tu, ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hufisha hisia za kiuno hadi miguu, na nusukaputi, ambayo mgonjwa hulala kabisa. Mgonjwa ana haki ya kujua atapata ipi, maana masharti ya kufunga kula na kunywa kabla ya upasuaji hutegemea hilo.

6. Siku za kupona

Wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Kutembea huanza mapema, mara ganzi iishapo, kwa kuwa kulala bila kujongea huweza kugandisha damu miguuni. Kovu huuma siku za mwanzo, na mfuko wa korodani waweza kuvimba kidogo na kuwa mweusi. Hilo si ajabu. Akohoapo mgonjwa abonyeze kovu kwa kiganja au kwa mto. Anywe maji ya kutosha, ale matunda na mboga ili asijikamue chooni.

Karatasi nyingi za maelekezo zina sentensi mbili: "Usifanye kazi nzito" na "Pumzika." Zote mbili ni sahihi na zote mbili hazimsaidii mkulima. Kazi nzito ni ipi? Mwanamke aliyezoea kujitwisha maji haioni ndoo kuwa ni mzigo, lakini ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hiyo haifai katika majuma ya mwanzo. Tuandike basi mambo yanayoonekana: usijitwishe ndoo, usiinue gunia, usilime kwa jembe, usisukume baiskeli yenye mzigo. Kuhusu muda, maelekezo ya zamani yalikuwa majuma manne hadi sita. Siku hizi madaktari wengi humruhusu aliyetiwa wavu kurudia shughuli zake mapema zaidi, kadiri maumivu yanavyomruhusu. Kwa kuwa nasaha hutofautiana, mfasiri asikisie. Aache nafasi ambayo daktari ataandika idadi ya siku kwa mkono wake.

Tusifiche pia kwamba takriban mtu mmoja katika kumi hubaki na maumivu ya kiasi baada ya miezi mitatu, na kwamba ngiri chache hujirudia. Mgonjwa aliyeambiwa hayo mapema hurudi kliniki. Asiyeambiwa huona aibu, akaenda kwa mwenye chupa moja. Na arudi bila kukawia akiona homa, usaha, damu inayoendelea kutoka, kushindwa kukojoa, kutapika, au uvimbe mpya mahali pale pale.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, istilahi tunazozipendekeza ni hizi: ngiri, pamoja na ngiri ya kinena, ya paja, ya kitovu, ya kovu na ya kiwambo, mfuko wa ngiri na mdomo wa ngiri, ngiri inayorudishika, iliyonasa, iliyokabwa na iliyojirudia, kungoja kwa uangalizi, upasuaji wa kuziba ngiri, wavu wa upasuaji, upasuaji wa matundu madogo, ganzi ya mahali, ganzi ya uti wa mgongo na nusukaputi. Busha libaki kwa uvimbe wa maji wa korodani, na mshipa ubaki kwa njia ya damu.

Haya ni mapendekezo, nayo yanangoja hukumu ya watumiaji. Tungependa hasa kupata maoni kutoka kwa waganga wa vijijini na wauguzi, kwa kuwa wao ndio wanaoyasikia majina haya kama yanavyosemwa. Ikiwa mahali penu pana neno la lahaja linalotenga ngiri na busha vizuri zaidi kuliko tulivyofanya hapa, tuleteeni pamoja na mfano wa sentensi na jina la mahali linaposemwa.

Mjomba bado analima. Juzi jirani yake alimwambia kwamba anasumbuliwa na mshipa. Mjomba akamwuliza kama unatokeza anapokohoa, kisha akafuatana naye hospitali.